Harusi ya Kanyoni na Mheshimiwa

Jumatatu, 31 Machi 2025. Kiganjo, Thika.

Nimeamua kuandika, maana nikisema kwa mdomo nitafukuzwa kanisani. Shule sikuona hata mlango wake. Herufi nilizitoa kwa Biblia ya marehemu mume wangu, moja moja, kama kuchambua maharagwe. Kwa hivyo haya ni ya Mungu na mimi. Na Mungu jana alikuwepo, alisikia.

Jana ilikuwa Jumapili ya kubariki mbegu kule Ngoliba. Kila mama anabeba mbegu yake kwa kiondo. Warigia akasimama mbele ya watu na kofia yake ile kama mfuniko wa sufuria, akasema Kanyoni ni mbegu ya mama yake.

Ya mama yake!

Kanyoni ni mahindi yangu. Madogo, ya madoadoa, kama kandege, na kandege kwa Kikuyu ni kanyoni, ndiyo maana tukampa jina hilo. Nilikuja naye nikiolewa, fundo kwa ncha ya leso, kutoka mkononi mwa mama yangu. Sina picha ya mama. Nina Kanyoni. Ngoliba mvua ni mgeni asiyengoja chai, na Kanyoni analijua hilo: anatoa maua upesi upesi, anazaa kabla mgeni hajashika kofia.

Warigia ni mke wa shemeji yangu Kinyanjui. Kule Ngoliba mashamba yetu yametenganishwa na ua mmoja wa miti miaka arobaini. Miaka kumi na mmoja iliyopita Kanyoni aliota ghafla upande wake. Mbegu haina miguu. Nilimwita mwizi, akaniita mchoyo, na tukaendelea kuombeana kila Jumapili.

Leo nimepata dawa. Nelima, mpangaji wangu wa chumba cha pili, ametoka kwao Bungoma, juu kule karibu na mlima. Amebeba mahindi. Ngai. Hindi moja urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, punje nyeupe, zimejipanga kama meno ya mtu wa kampeni. Nikaona yote. Sisi hatuoani ukoo mmoja, ukioa binti wa kwenu unazaa watoto wa kuegemea ukuta. Na Kanyoni ameoana na Kanyoni tangu zamani za mama. Binamu kwa binamu. Ndiyo maana ni mdogo.

Nitamwoza mbali. Mtoto atakayezaliwa atakuwa mkubwa hivi kwamba Warigia hataweza kusema ni wa mama yake.

Bwana harusi nimempa jina Mheshimiwa.

Jumamosi, 12 Aprili. Membley, Ruiru.

Kanyoni nilishampanda Ngoliba siku ile ya pili, mvua ya kwanza. Mheshimiwa hawezi kupandwa huko. Bwana harusi halelewi nyumbani kwa bibi harusi, hiyo ni aibu, watu watasema tulimwokota.

Kwa hivyo nimemleta kwa mwanangu Njau, Membley. Nyumba zote za pale zinafanana, geti lina askari, askari ana kitabu. Aliniuliza kiondo kina nini. Nikamwambia kina mkwe. Akaandika.

Mkaza mwanangu Emmah alikuwa kazini. Nimechimba mashimo kumi na mawili katikati ya waridi zake, karibu na bomba la maji. Alipofika aliniuliza kwa heshima, Mami, hizi ni nini. Nikamwambia ni maua ya Bungoma. Akasema asante. Ana adabu sana huyu msichana. Nimempikia mukimo mpaka akafungua kifungo cha sketi.

Jumanne, 20 Mei. Ngoliba.

Maafa.

Kanyoni ametoa maua. Nywele nje, unga wa manjano unapepea, shamba lote linanukia harusi. Nikampigia Emmah simu nikamwuliza maua ya Bungoma yamefika wapi. Akasema yamefika kwa goti, na yanapendeza.

Kwa goti! Bibi harusi yuko madhabahuni, bwana harusi bado anavaa kaptula.

Nikiwa nimeshika kichwa akapita Mutheu, afisa wa kilimo wa wadi yetu, msichana wa Ukambani mwenye buti kubwa na sauti ndogo. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akaketi juu ya jembe langu. Halafu akafuta macho akanifundisha. Mahindi ya mlimani huchelewa, kwa sababu kwao mvua haina haraka. Ya kwetu huwahi. Ukitaka wakutane, mmoja apandwe baadaye.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akaniuliza kama anayeongea na nyanya yake, Cucu, nani angewaza kuniuliza?

Halafu akaleta mdomo. Akasema kuoza si kubaya, mbegu iliyokaa peke yake muda mrefu huwa inanyong'onyea, na damu mpya inaweza kumpa nguvu. Lakini Kanyoni amejifunza Ngoliba miaka mingi, mama kwa binti, na elimu hiyo iko ndani ya punje. Ukimchanganya na mtu asiyejua kiu, mtoto anaweza kusahau. Akasema nijaribu kidogo tu, na nisiguse mbegu ya akiba.

Nikamwambia mimi sikusoma na sijasahau kitu. Akakubali hilo ni kweli.

Wakati huo Warigia alikuwa upande wa pili wa ua, akijifanya anapalilia. Kanyoni wake naye ametoa maua. Upepo ulikuwa unavuka ua kutoka kwake kuja kwangu. Nimeufukuza kwa leso mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatano, 21 Mei. Kiganjo.

Nimepanda Kanyoni wa pili hapa nyumbani, chini ya macho yangu. Mabeseni kumi na saba, ndoo nane, karai moja, na sinki kuukuu. Korido yote ya wapangaji. Nelima ananiuliza atafulia wapi. Nimemwambia yeye ni upande wa bwana harusi, avumilie.

Alhamisi, 10 Julai. Membley.

Emmah aliniita nije haraka. Mheshimiwa amepita ukuta.

Ni mrefu. Sijawahi kuona kitu kirefu hivyo bila kanisa chini yake. Waridi hazionekani. Mwenyekiti wa esteti, bwana mmoja Gerishon wa miwani ya kamba, ameleta barua: kilimo hakiruhusiwi, mimea ikatwe kufikia Jumapili tarehe ishirini.

Nimemwendea mwenyewe. Nikamwambia hayo si mahindi, ni maua. Akasema maua gani yana majani ya mahindi, shina la mahindi, na sasa yanaanza kutoa kichwa cha mahindi. Nikamwambia hata yeye ana kichwa cha mwenyekiti na sijatishia kukikata. Kisha nikaona viatu vyake vimepasuka upande, nikajua hana mtu wa kumwangalia. Nikamrudia jioni na githeri, mahindi na maharagwe, kwa hotpoti. Alikula yote akiwa amesimama. Tarehe haikubadilika, lakini alisema yeye binafsi ana huzuni.

Harusi ni Jumamosi tarehe kumi na tisa. Hakuna siku nyingine.

Kanyoni wa shambani nilimvuna wiki iliyopita. Gunia moja na nusu, mbegu ya mama, safi. Isipokuwa ule upepo wa Warigia.

Jumamosi, 19 Julai. Kiganjo.

Wameoana!

Alfajiri nilikuwa Membley na kopo la ugoro, tupu, nimelisugua kwa majivu. Nikapanda ngazi ya fundi wa stima. Emmah akashika ngazi, Njau akashika kichwa chake. Nikamtikisa Mheshimiwa, unga wa manjano ukaanguka kwa kopo, laini kama unga wa uji wa mtoto. Nikalifunga kwa leso, nikaliweka kifuani, nikapanda boda boda mpaka Kiganjo. Kijana wa boda aliniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni bwana harusi. Akapunguza mwendo kwenye matuta yote.

Huku mabibi harusi walikuwa tayari. Nilishawakata maua ya juu tangu Jumatano, wasije wakajioa wenyewe, na kila hindi changa nimelivika mfuko wa karatasi wa chipsi, kama shela. Mlangoni nimesimika tawi, ile ithigi ya kuonyesha binti wa nyumba hii ameposwa. Msemaji wetu alikuwa Kinyanjui, maana katika ukoo wote hakuna ruracio, mazungumzo ya mahari, inayokwenda bila mdomo wake. Nelima alisimama upande wa Mheshimiwa akasema wametoka mbali, wamechoka, na wameona ua zuri katika boma hili.

Kinyanjui akajibu vizuri sana. Aliuliza ukoo wa kijana. Aliuliza kama anakunywa. Nelima akasema anakunywa sana, maji. Nilipaswa kusikia hapo. Sikusikia.

Kisha Kinyanjui akakohoa, akaangalia mezani, akaona kopo la ugoro. Mimi nilikuwa nageuza sufuria. Akalifungua. Akachota vidole viwili, akavuta pua ya kulia, akavuta pua ya kushoto.

Nusu ya bwana harusi iliingia ndani ya shemeji yangu.

Alitulia, akatuangalia kama mtu anayekumbuka deni la zamani. Halafu akapiga chafya. Chafya saba. Nilikuwa na akili ya kumshika mabega na kumgeuza, na kwa kila chafya nikatoa shela moja. Mabeseni saba yakapata kwa njia hiyo. Yaliyobaki nikayanyunyizia kwa unyoya wa kuku. Kinyanjui akasema ugoro huu hauna ukali. Nikamwambia ni wa Membley.

Wageni walikuja wengi kuliko nilivyoita. Wapangaji wote, watu wa kanisa, jirani wa mtaa wa nyuma waliosikia tu harusi. Mtu hatoki kwangu na njaa, hilo haliwezekani nikiwa hai. Githeri ya kwanza ikaisha. Nikafungua lile gunia la nusu. Likaisha. Nikafungua gunia zima.

Watu wamekula vizuri sana. Sijui kwa nini naandika jambo hili mara ya pili. Wamekula vizuri sana.

Jumatatu, 22 Septemba. Kiganjo.

Watoto wamefika. Nimevuna korido. Ukimwaga punje kwa ungo ni kama kumwaga shanga. Nelima amepata beseni lake, lina tundu.

Mutheu alipita kuona. Akasema ni nzuri, lakini nipande robo tu ya shamba, na robo tatu nipande Kanyoni safi. Akaniuliza akiba ya Kanyoni iko wapi. Nikasema ipo. Akauliza wapi hasa. Nikasema imehifadhiwa na watu mbalimbali.

Ilikuwa kweli. Kila mtu alibeba yake tumboni.

Jumamosi, 18 Oktoba. Ngoliba.

Mvua ya vuli imeanza. Nimepanda shamba lote watoto wa Mheshimiwa. Lote, mpaka kwa ua. Mbegu kidogo nilishampelekea mwezi uliopita Emmah, ambaye siku hizi hana raha bila maua ya Bungoma. Ameyapanda nyuma ya tangi la maji, mahali Gerishon hawezi kuona.

Warigia aliniuliza juu ya ua kwa nini punje zangu ni nene hivyo. Nikamwambia aulize mama yake.

Jumatano, 26 Novemba. Ngoliba.

Nipeni kiti.

Shamba langu limesimama kama jeshi. Shina kama mkono wa mchinjaji. Majani ya kijani ya kumeza mtu, jana kuku alipotelea ndani na hakutoka mpaka leo. Upande wa Warigia kuna tuvitu tumefika kwa kiuno, twembamba, tayari tunatoa maua. Maskini.

Nilileta stuli nikaiweka karibu na ua, nikakaa juu yake asubuhi yote nikifuma kiondo ambacho sikihitaji. Warigia alipopita nikamwuliza kama anahitaji kivuli, kipo hadi upande wake. Akasema yeye hali kivuli. Wivu ni ugonjwa mbaya. Nimemwombea.

Ni kweli ya kwangu hayajatoa maua. Mtu mkubwa hafanyi haraka.

Ijumaa, 19 Desemba. Ngoliba.

Mvua ilikata tarehe nne. Leo ni siku kumi na tano, anga ni bati.

Ndiyo sasa yanatoa maua. Nywele zinachungulia, zinaona jua, zinakauka siku hiyo hiyo. Unga wa juu unaanguka kwenye vumbi. Nimemenya hindi moja: gunzi tupu, na punje nne kama meno ya babu. Nimemenya la pili: tatu. Nimemenya mstari mzima. Nilitoka na punje zisizojaza kiganja, na kiganja changu ni kidogo.

Warigia anachemsha mahindi. Harufu inavuka ua bila kubisha.

Mutheu alikuja, hakucheka. Alisema mtoto alichukua ukubwa wa baba, na akachukua uzembe wa baba pia. Kanyoni si mkubwa kwa sababu hakuwa na wakati wa kuwa mkubwa, alitumia wakati wote kuwahi. Udogo ule nilioonea aibu ndio ulikuwa akili yake. Alisema kuna jambo moja la bahati: kwa kuwa wangu wamechelewa, maua yao yametoka wakati ya Warigia yamekwisha kuzaa, kwa hivyo Kanyoni wa Warigia hakuchafuka.

Nikamwuliza kama angeona vibaya asiseme hilo neno, Kanyoni wa Warigia.

Akasema basi nipande ile akiba yangu msimu ujao.

Nikamwambia jua ni kali, aende nyumbani.

Jumapili, 4 Januari 2026. Kiganjo.

Emmah na Njau walikuja na katoni. Ndani kuna mahindi ya nyuma ya tangi. Ngai mwema. Makubwa kuliko ya Nelima. Ya madoadoa na meno pamoja, marefu, yamejaa mpaka nchani. Emmah aliyamwagilia kila jioni kwa bomba. Hata Gerishon ameyaona, akaomba mawili.

Nilifurahi nusu saa. Nilipiga kigelegele, nikambeba Emmah, nikamweka chini kwa sababu ya mgongo. Nikamwita Nelima aone mjukuu wetu.

Halafu nikakaa. Ngoliba sina bomba. Nina Mungu na mwezi mmoja na nusu wa mvua. Mtoto huyu ni mzuri, ni mzuri sana, lakini ni mtoto wa Membley.

Njau akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia yule Kanyoni niliyepewa na nyanya yako, ile mbegu iliyovuka kiangazi chote, tulimla kwa harusi yake mwenyewe. Na kila mtu alikula sahani mbili.

Njau akasema lakini Mami, si Auntie Warigia anaye?

Nimemtengenezea chai bila sukari.

Jumanne, 6 Januari. Ngoliba.

Nilienda kwa Warigia kuomba chumvi. Akanipa chumvi. Nikasema chumvi yake ni nzuri. Akasema ndiyo, ni ya duka. Nikaketi. Nikasifu kuku, nikasifu paa, nikasifu ile kofia, Mungu anisamehe. Kibuyu cha mbegu kilikuwa pale juu ya moshi, mdomo umezibwa kwa gunzi, namna ile ile ya mama yangu. Namna ile niliyomwonyesha mimi alipokuja hapa bibi harusi wa miaka kumi na tisa.

Mwishowe akaniambia, Mama Njau, sema.

Nikasema nahitaji vikombe viwili vya Kanyoni.

Akafikiri muda mrefu, alikuwa anaufurahia. Akasema Kanyoni ni binti wa boma hili. Hatoki kwa kikombe kama sukari. Eti mimi ndiye ninayejua kuoza mahindi, mtaa mzima umesikia, basi nilete watu. Nilete mbuzi. Nije mlangoni nibishe, nisimame juani, nipigwe maswali, na niseme mbele ya watu kwamba natafuta mbegu kwake.

Nikamwambia Kanyoni ni wangu, mwizi wewe.

Akasema basi nikapande wangu.

Jumamosi, 24 Januari. Ngoliba.

Nimeleta mbuzi.

Wa upande wangu: Nelima, Njau, Emmah, na Mutheu, ambaye alisema hata kwa mshahara asingekosa. Tukasimama juani. Mlango ukafunguliwa, msemaji wa boma ni Kinyanjui. Nikasema Kinyanjui ni msemaji wangu. Ikabidi awe wa pande zote mbili. Alisimama mlangoni akauliza sisi ni nani, akavuka kizingiti akajibu sisi ni watu wema, akarudi ndani akasema hajaridhika na jibu. Mbuzi akala ithigi.

Waliniuliza binti akija kwangu atatendewaje. Waliniuliza yule wa kwanza alienda wapi. Nikasema tulimla. Kinyanjui akatikisa kichwa, akavuka kizingiti, akasema upande wetu unaomba radhi.

Kisha Warigia akaniambia niseme Kanyoni ni wa nani.

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Niliyafunga tangu Jumanne ile. Lakini kibuyu kilikuwa mapajani mwake, na alikuwa amekishika kama mtu anavyoshika mtoto, chini ya shingo. Nikaona kwamba kama mwanamke huyu hangekuwa mwizi, mama yangu leo angekuwa amekufa mara ya pili. Nikasema ni wako. Umemtunza. Mimi nilimfanya githeri.

Mbuzi peke yake alitafuna.

Warigia akaangalia chini. Akasema ni wa mama yako. Akasema mwaka ule, miaka kumi na mmoja sasa, mvua ilikata, mbegu yao ya duka ikafa yote, Kinyanjui alikuwa amelazwa. Akanyoosha mkono kwa ua, akachukua mahindi matatu. Mawili akawapikia watoto. La tatu akalificha hata njaa yake isilione. Akasema nilipomwita mwizi alishindwa kurudi nyuma, ikambidi awe na mama mwenye mbegu.

Nikamwambia mjinga wewe, si ungeomba. Hao watoto niliwakata kitovu mimi.

Akaniambia na wewe ungeomba tu, mbuzi nilikuwa natania.

Tulilia kidogo, tukashikana, nikamwambia kofia inamkaa vibaya, akasema anajua, Kinyanjui ndiye aliyemnunulia. Nimepewa vikombe viwili. Nimeapa mbele ya wote, mkono juu ya kibuyu, kwamba Kanyoni nitampanda peke yake, bila bwana, bila beseni, bila shela. Mutheu akasema vizuri. Akaongeza kwamba siku nyingine mtu akitaka kabisa kumpa Kanyoni damu mpya, basi atafute mchumba anayeijua kiu, wa nchi kavu kama yeye. Si kila bwana mkubwa ni bwana.

Nilimsikia vizuri sana.

Jumatatu, 2 Februari. Ngoliba.

Niliposema nitampanda peke yake nilimaanisha kikombe kimoja. Vikombe vilikuwa viwili.

Nimefikiri wiki nzima. Kosa halikuwa harusi. Harusi ilifana, hakuna aliyekataa sahani. Kosa lilikuwa bwana. Nilimpa binti wangu mtu wa mlimani, mlevi wa maji. Mutheu mwenyewe amesema: anayeijua kiu.

Leo asubuhi nilisimama mpakani nikaangalia nani katika Ngoliba nzima haogopi jua. Nyasi imekufa. Mahindi yangu yamekuwa kuni. Na pale, karibu na barabara, amesimama yeye. Kijani. Mkali. Hajamwomba mtu maji tangu nilipoolewa. Ametoa mti wa maua kichwani, mrefu kuliko nyumba, kwa hivyo hata kuchelewa hakuna, ni yeye anatungoja sisi.

Mkonge.

Hebu waza: hindi la Kanyoni, na kamba bure kwa shina. Utavuna na kufungia gunia lako hapo hapo. Nimemweleza Warigia juu ya ua. Aliangalia barabarani, akaangalia pande zote kama kuna mtu, akaniuliza kama nina ngazi.

Mutheu hatumwambii mpaka watoto watembee.

Nimenunua kopo jipya. Na Kinyanjui nimemnunulia ugoro wake kando, nimelitia kopo lake alama ya msalaba. Mimi si mtu wa kurudia kosa.